Neno Moja Katika Barua ya Medina

Mwaka 1973, ndani ya basi la kutoka Koboko kwenda Arua, mama mmoja aitwaye Medina alimpa abiria wa pembeni yake barua ya Kiingereza. Abiria huyo, Tombe, alikuwa mwalimu kutoka Sudani. Mimi nilikaa nyuma yao. Barua ilitoka hospitali ya misheni, alikoomba kujifunza ukunga.

"Karani moja alisoma 'you may start Monday', hiyo ya kuanza Jumatatu, akasema hiyo 'may' ni labda," Medina alisema. "Mimi nalia siku mbili."

"Hapana, mama. Hapa 'may' ni ruhusa."

"Sasa kwa nini hawaandiki 'can'?"

"'Can' ni uwezo yako. 'May' ni ruhusa yao."

"Uwezo iko! Mimi nazalisha watoto kumi na moja kule Midia, na wote iko hai. Na 'must'?"

"Hiyo ni amri."

Neno hilo, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, sote tulilijua bila mwalimu.

Medina akacheka, akakunja barua yake. Tombe, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza kwamba mara nyingine 'may' huwa ni labda kweli. Wakabishana mpaka Arua. Basi liliposimama, mwalimu alikuwa bado anatafuta mfano wa 'may' ya labda. Medina alikwisha kushuka, anauliza gari la hospitali liko wapi.