Ardis Kvamme, Aliyetuletea Chuo cha Madaktari

Wasikilizaji wapendwa, nimekaa mbele ya kipaza sauti nikiwa na huzuni, lakini hasira ndiyo kubwa zaidi. Nimemkasirikia marehemu. Nitasema hewani, kila mtu asikie, maana miaka yote nilipofungua mdomo alinikatiza, na leo hawezi.

Ardis Kvamme amefariki. Ardis wa mgahawa wa kona, wa pai za cheri. Ardis aliyetuletea chuo cha udaktari hapa Brandvold, Montana, mji ambao hata daktari wa ng'ombe huja akipenda. Na kifo chake, wapendwa, kingeweza kuzuiwa. Ndiyo maana nimechukia.

Mnamkumbuka Orrin, mumewe. Kiangazi kile alikuwa shambani anakata nyasi, kifua kikambana. Ardis akamwambia, "Baba Janelle, panda gari twende." Orrin akajibu, "Si kitu, bwana. Nimalize nyasi kwanza, mvua inakuja." Nyasi alizimaliza. Mvua haikuja. Orrin tukamzika. Daktari wetu pekee alikuwa amestaafu na kukimbilia joto la Arizona, na wa moyo alikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari, barafu ikiwa haipo.

Hapo ndipo Ardis alipopandwa na wazimu. Alisikia kuna watu wanatafuta mahali pa kufungua chuo cha osteopathia katika jimbo lenye uhaba wa madaktari. Akawaandama kwa simu mpaka wakamjua kwa kikohozi chake. "Kijana akisomea hapa ataoa hapa," aliniambia huku akinimiminia kahawa. "Akioa hapa hatoki. Wachumba nitawatafuta mwenyewe."

Na alikuwa na majina tayari! Mengine siwezi kuyataja, wenyewe wananisikiliza.

Basi ukaitishwa mkutano kwenye jengo la zimamoto. Delmar Stroh, jirani yangu, mnamjua, akasimama na kofia yake. "Osteopathia? Si ndio wale wa kukuvunja-vunja mgongo?"

"Delmar, kaa chini," Ardis akasema. "Hao ni madaktari kamili. Wanaandika dawa, wanapasua, wanazalisha. Ila wamefundishwa pia kutumia mikono, wakushike kwanza kabla hawajakutupa kwenye mashine. Wewe mara ya mwisho umeshikwa na mtu lini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Delmar akawa mwekundu mpaka masikioni. Lakini alipiga kura ya ndiyo.

Chuo kikafunguliwa ndani ya lile duka kubwa lililokufa, karibu na kituo cha mafuta. Chumba cha kusomea maiti kiko pale palipokuwa na bucha. Msicheke. Haya, chekeni, Ardis mwenyewe alicheka mpaka akashika meza.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kinachoniudhi. Chuo kikafungua kliniki ya mafunzo, bure, milango wazi. Hakwenda mtu! Wanafunzi na makoti yao meupe yaliyopigwa pasi wakakaa wakitazamana. Sisi huku tunachechemea, tunakohoa, tunashika viuno, na ukituuliza tunasema si kitu. Wakaguzi wa vyuo vya udaktari wakasema wazi: wanafunzi wasipopata wagonjwa wa kujifunzia, kibali hakitaendelea. Narudia. Bila wagonjwa, hakuna chuo.

Ardis akatangaza hakuna pai kwa mtu ambaye hajapimwa. Ukiingia mgahawani anakutangaza kwa sauti: "Wewe Harvey, kibofu chako kimesemaje?" Mbele ya mchungaji! Watu walikwenda kliniki kwa aibu tu, na kliniki ikajaa.

Juu ya mgahawa alimpangisha mwanafunzi, Kendra Old Elk, binti wa kabila la Wacrow, wenyeji wa asili wa Montana, kutoka upande wa Hardin. Jioni moja Kendra akamwomba alale kwenye kochi ili afanye mazoezi ya kupima kwa mikono. Alipofika tumboni, akabonyeza tena palepale.

"Bibi Ardis, hapa pana mshipa unadunda vibaya. Unaumwa mgongo?"

"Nimebeba viazi."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Si kitu, mwanangu."

Si kitu! Ardis huyo huyo! Kendra akamwita mwalimu wake, na mwalimu akaja na gari kumpeleka hospitali. Ardis akajifungia bafuni. Kutoka humo akapiga kelele, "Wakaguzi wanakuja Jumanne, nani atawalisha? Nitakwenda Jumatano!" Orrin alikuwa na nyasi zake, yeye akawa na wakaguzi wake.

Jumanne wakaguzi walikuja. Walikuta kliniki imejaa, wakala pai, mmoja akaomba ya kubeba. Wakasema wameridhika, watarudi majira ya kuchipua kuhakikisha. Ardis akawapungia mkono mlangoni, akarudi kuosha sahani. Mshipa ukapasuka akiwa na kitambaa mkononi.

Kwenye mazishi, Kendra alisimama pembeni na sahani ya viazi ambayo hakuigusa. Akaniambia, "Mikono yangu ilijua. Masikio yangu ndiyo yaliyomkubalia." Janelle, binti wa marehemu, alimsikia, akaja akamshika mabega. "Mama yangu hakushindwa na mtu yeyote maishani. Wewe ulitaka uwe wa kwanza kumshinda? Ubaki hapa. Hicho tu ndicho alichotaka."

Janelle, pole sana. Mama yako alikuwa mkaidi, nasi tulimpenda hivyohivyo, na mji huu wote unakupa bega la kuegemea. Kendra, pole nawe. Ulifanya kazi yako.

Lakini ninyi wengine, pole zenu nimezikalia kwanza. Tangu mazishi nimepita pale kliniki kila asubuhi, na benchi ni tupu. Tupu! Hakuna wa kuwanyima pai, basi mmepona wote? Wakaguzi watarudi, wataona benchi hilo, na chuo cha Ardis kitageuka duka lililokufa kwa mara ya pili. Hebu kila mmoja, redio ikinyamaza, ajiulize anasubiri kumaliza nini kwanza.

Kliniki inafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Nitakuwa hapo wa kwanza na bega langu hili linaloniuma, na Janelle ataleta pai.

Delmar, nimekuona jana mbele ya kanisa ukishuka kwenye gari, umeshika mlango kwa mikono miwili. Nitakupitia saa moja na nusu. Na usinipigie simu kuniambia si kitu.