Poda ya Ikirezi

Ndugu mliokusanyika hapa Nkungu, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Bukavu, familia imenipa mimi, mjomba Munyemana, niwasomee maisha ya Ikirezi Joselyne, nayo si marefu, hamtachoka kusimama.

Ikirezi alizaliwa Bukavu tarehe 11 Machi 2004, mtoto wa pekee wa Habineza na Patricie, ambao wote wametangulia, akalelewa na bibi yake Mukamazimpaka, ambaye shule aliionea dirishani tu. Alisoma kwa Kifaransa hadi mwaka wa sita wa msingi, ndipo Januari 2016 bibi akamrudisha nyumbani, na shule ya hapa ikamrudisha darasa la nne, kwa sababu wakati huo watoto walisoma kwa Kinyarwanda hadi la tatu, Kiingereza kikaanzia la nne, na yeye hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji.

Ninyi wa ng'ambo mnajua mtoto humwagiwa poda kichwani kwa shangwe siku moja tu, akipata diploma ya serikali mwisho wa sekondari. Hapa ni ngazi: msingi miaka sita, mtihani wa taifa, tronc commun, yaani sekondari ya chini, miaka mitatu, mtihani tena, kisha mitatu mingine, iwe ya masomo ya kawaida, ya ufundi au ya ualimu, na mtihani wa mwisho. Bibi hakuelezwa. Novemba 2018, mtihani wa darasa la sita ulipokwisha, alimmwagia Ikirezi poda kichwa kizima mbele ya shule, akapika mchele wa Bugarama, majirani wakala, mwalimu Adrien akala, akapangusa mdomo, ndipo akasema, "Maman, bado miaka sita." Julai 2022, tronc commun ilipokwisha kwa kuchelewa kwa sababu ya korona, poda ilimwagwa tena, mwalimu akasema bado mitatu, na bibi akamuuliza, "Kwani inchi hii mutoto anamaliza lini?" Watu walicheka, na Ikirezi alicheka kuliko wote.

Alichaguliwa chuo cha walimu wa shule za msingi, kazi aliyoitaka tangu siku ile aliporudishwa la nne. Kuhusu ndoa na watoto hatuna cha kusoma, aliyekuja kuulizia aliambiwa asubiri amalize.

Februari 2025 miguu ilianza kuvimba, kituo cha afya kikampeleka hospitali, hospitali ikampeleka Kigali, na huko wakasema figo zote mbili zimechoka, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akarudi Julai kufanya mtihani wa mwisho bila viatu, kwa sababu havikumwingia. Alimwambia bibi, "Koko, nunua poda, lakini usifungue mpaka matokeo yatoke, batu banatucheka." Bibi alinunua. Kisha alikaa kando ya kitanda ameshika vile viatu, maana hakukuwa na kingine cha kushika, hadi tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, waliojaribu, majirani, waliobeba machela hadi barabarani, na wanachuo wenzake, waliomsomea masomo kitandani.

Matokeo bado hayajatoka. Poda ilifunguliwa jana alipooshwa, bibi akampaka kichwa kizima kama kawaida yake, mwalimu Adrien akiwa amesimama mlangoni, na safari hii hakusema imebaki miaka mingapi.

Ikirezi, pumzika kwa amani.