Mlio wa Simu ya Mzee Kengele

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha cherehani, na asubuhi ile kahawa ilikuwa ya moto ila midomo ilikuwa ya moto zaidi. Simu ya mezani ya Mzee Kengele imekufa. Mzee haoni, mchana hushinda peke yake nyumbani, na jina la Kengele tulimpa sisi: kila asubuhi hutupigia mmoja mmoja, "Umeamka salama?" Wiki hii kimya. Tukaamua kumnunulia nyingine, na dukani tukaazima mbili tuchague. Kwa ninavyowajua wenzangu hawa wawili, nilijua leo nguo za watu hazishoneki.

— Hii ya kioo, akasema Wembe, kinyozi wetu. Ya kisasa! Unagusa tu.

— Anagusa wapi? nikamuuliza. Yote laini kama kipara chako.

— Si inaongea? Inamtajia kila kitu.

— Ije itudakie maneno tukizungumza? akaruka Gia, dereva mstaafu. Sitaki! Chukueni hii ya vitufe vikubwa. Tena ikiita inawasha taa nyekundu, nyumba nzima inang'aa!

— Taa, Gia? Kwa asiyeona?

— Majirani wataiona, wamwambie!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Wembe naye hakubali kushindwa: akataka simu inayomjua mpigaji kwa harufu, inayofungua mlango, ikibidi ichemshe na chai. Gia akampuuza. Akajifunga macho kwa taulo la kinyozi, akapapasa vitufe.

— Hapa kwenye tano pana kidoti. Ukikipata hiki, umezipata zote. Jamani, hii hata mimi naiweza!

— Haya, piga.

Kidole kikabaki hewani.

— Nimpigie nani? Sina namba hata moja kichwani.

— Kengele anazo zetu zote, nikasema.

Gia akavua taulo. Macho yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

— Mke wangu alipofariki, nani alinitoa kitandani? Sauti ile. Mungu amzidishie.

— Nami nilipolazwa, akasema Wembe, alinisimulia mpira mzima, vile alivyousikia redioni.

Nami nilikuwa na langu la kusimulia.

Ndipo akafika binti yake Kengele, anayeishi naye, kuichukua simu.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu. Tumechagua ya vitufe, asipate taabu kutupigia.

— Asanteni sana, mmetutua mzigo. Na ikiita, inaliaje? Baba anauliza.

Tukatazamana. Wembe akaigeuza simu juu chini.

— Ile ya zamani ilikuwa inaliaje? akauliza Gia.

— Sijui, baba. Mchana niko kazini. Nilidhani mnajua ninyi, rafiki zake mnaompigia.

Wembe aliinamia kikombe chake, na hakikuwa na kitu ndani.

— Mwanangu, akasema Gia mwishowe, hebu tutajie namba ya nyumbani. Polepole.

Akatutajia. Wazee wazima tukairudia kwa sauti, tena na tena, mpaka ikakaa.