Siku Niliyoacha Bima Mkanipigia Makofi

Bwana asifiwe! Leo msiniitikie kwa shangwe, maana nimesimama hapa na hasira, na hasira yenyewe inaanzia kwangu.

Mnanikumbuka. Ni mimi dereva wa lori, mzee wa kanisa letu hapa Kaloleni, niliyesimama papa hapa mwaka jana nikashuhudia kwamba nimeacha kulipa bima ya afya. Nikasema kulipia ugonjwa kabla haujaja ni kuuita. Ndugu zangu, mlipiga makofi! Kina mama mkapiga vigelegele. Mke wangu Mwikali alikuwa amenisihi nisiache. Nikamleta hapa mbele, akapiga magoti, tukamwombea roho ya woga imtoke. Alijifuta machozi akarudi kuketi.

Basi mwaka huu tumbo likanikata nikishusha mzigo Eastleigh. Hospitalini daktari akasema kidole tumbo kimepasuka, lazima nifanyiwe upasuaji saa hiyo hiyo. Karani akaniuliza kama nina bima. Nikatikisa kichwa. Nilijua nakufa, na nimejiua mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mwikali, aliyekuwa amepigiwa simu, akaingia mbio, bado na aproni ya kuuzia githeri, akampa karani kitambulisho chake. Karani akatazama kompyuta, akasema, "Mzee ameandikwa hapa, mume wa huyu mama. Mchango umelipwa. Mpelekeni ndani."

Kumbe nilipoacha mimi, yeye alijisajili kimyakimya, akatuandika mimi na watoto, kila mtu na jina lake! Karani alinieleza baadaye jambo jepesi kabisa: bima hulipwa ukiwa mzima, ukingoja uugue umechelewa, na asiyeandikwa hafaidiki, hata kama mnalala kitanda kimoja. Na sisi hapa, kila kukiwa na msiba tunachangia jeneza na basi la kwenda kuzika nyumbani, kila mwezi chama cha mazishi kinapata chake, na hakuna anayesema tunaita kifo. Maiti tunaiwekea akiba, mgonjwa tunamkemea! Ni upuuzi gani huu? Inanichoma, kwa sababu niliufundisha mimi.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa kwa mkono wa mwanamke niliyemwaibisha. Mtumainini yeye, ndugu zangu, na kesho mwende mkajiandikishe, nyinyi na watoto, kabla hamjaumwa.

Mwikali, wewe kaa hapo hapo. Leo ninayepiga magoti ni mimi, na kanisa liniombee roho ya ujinga initoke.