Antena Aingia Kwenye Picha ya Wahitimu

Ndugu waombolezaji, familia inaomba utulivu wenu, ijapokuwa tunayemsindikiza leo hakuwahi kuwa rafiki wa utulivu.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Antena hata mbele ya wajukuu zake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya babu yetu, fundi baiskeli, akiwa mtoto wa nne na, kwa kauli ya shangazi, mtundu kuliko wote watatu waliomtangulia.

Mwaka 1965 alijiunga na shule ya wavulana ya mapadri, darasa moja na wenzake ambao leo ni Baba Askofu, Mheshimiwa Jaji na Daktari Bingwa, lakini yeye hakumaliza, kwani Juni 1968, wakati wa mafungo ya kimya, alifunga waya wa redio kwenye kengele ya kanisa ili asikilize mpira, na kila alipouvuta kutafuta stesheni kengele ikalia, mapadri wakatoka mbio wakidhani kuna moto, na jioni ile ile akafukuzwa, akiondoka na jina la Antena.

Alisomea ufundi wa redio, akaajiriwa kituo cha utangazaji tarehe 1 Februari 1972, akapanda hadi mhandisi mkuu wa mitambo, akastaafu mwaka 2011. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu, wakajaliwa watoto watatu.

Jambo moja lilimuuma. Kila mwaka wahitimu walipokutana, baba aliwafungia vipaza sauti, akala nao, akacheka nao, lakini saa ya picha alijibanza nyuma ya mitambo, kwa kuwa hakuhitimu, na mama alipomsihi aingie alijibu kwamba nyaya hazijiangalii zenyewe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na Novemba 2023 alilazwa, akaukosa mkutano. Wenzake walikataa kupiga picha bila yeye, wakaja hospitalini na tai za shule zilizogoma kufika chini ya vitambi, wakampeleka uani kwa kiti cha magurudumu, wakamweka katikati, Jaji akavua tai yake akamvalisha, Askofu akainua chupa ya dripu, na baba akalia, akacheka, akamfokea mpiga picha kwamba amelielekea jua. Alifariki usingizini tarehe 2 Desemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, wafanyakazi wenzake wa redio, na ninyi wazee wa tai fupi.

Baba, umo kwenye picha, tena katikati. Pumzika kwa amani.