Mama Shingo Ashuka Kwenye Kiti cha Bwawani

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mwokoaji mkuu wa bwawa letu la kuogelea atakabidhi filimbi na kwenda kupumzika. Jina lake rasmi liko kwenye cheti. Sisi tunamjua kama Mama Shingo.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba mwenye sauti kali kuliko filimbi yenyewe. Siku hizo waokoaji wote tulivaa miwani ya jua, na kila mtu alitafuta iliyo nyeusi zaidi, tukiamini weusi ndio dawa ya mng'ao. Tulijidanganya. Miwani ile ilififisha mng'ao, ikaififisha na sakafu ya bwawa. Alasiri moja mtoto alizama mbele ya kiti cha Mama Shingo, naye hakumwona. Aliyepiga kelele ni bibi wa mtoto, kutoka ng'ambo ya pili. Mama Shingo aliruka na nguo zake zote. Mtoto alitapika maji, akalia, sote tukashusha pumzi.

Yeye hakutulia. Kesho yake alikwenda kwa fundi wa miwani kuuliza kwa nini macho mazima yalishindwa kuona. Jibu alilopewa ndilo analomfundisha kila mwajiriwa mpya. Mwanga wa jua huja ukitikisika pande zote. Ukigonga maji na kuruka, sehemu kubwa yake hutikisika kwa ulalo tu, sambamba na maji. Huo ndio mwanga uitwao kwa Kiingereza 'polarized', na ndio unaotuficha sakafu. Lenzi maalumu huuzuia na kupitisha ule unaotoka chini. Hewa ya angani nayo huupanga mwanga kwa namna yake, na nyuki huusoma kujua njia ya nyumbani. Mama Shingo husema nyuki walituacha mbali sana.

Alinunua miwani yenye lenzi hizo, na tangu hapo akawa anainamisha kichwa huku na huku, ili lenzi zikate mng'ao wa kila kona. Wageni walidhani shingo inamuuma. Mama mmoja alimletea dawa ya kuchua. Aliipokea, akashukuru, akampelekea mumewe.

Leo kila mwokoaji hapa hupewa miwani hiyo. Watoto kadhaa wametolewa majini kabla wazazi hawajajua kuna tatizo, na hatujampoteza hata mmoja.

Jambo moja hatujawahi kuliona: Mama Shingo akiogelea kwa raha zake. Aliingia majini kumtoa mtu, basi.

Asante sana, Mama. Tutakukosa, na tunakuombea afya na miaka mingi ya utulivu. Jumamosi tunafungua saa tatu asubuhi. Njoo uogelee mpaka uchoke. Sisi tutakuwa tunakuangalia.