Mlango wa Pili

Sikilizeni wanangu, sogeeni, sauti yangu haifiki tena ukutani. Nyumba ni ya mama yenu. Randa na misumeno achukue mdogo, maana mkubwa hata kigingi hajui kukichonga, na asinune, anajua nasema kweli.

Sasa lililonikaba. Miaka kumi na mmoja iliyopita mjomba wenu, mwalimu wa kwaya, aliikataza kwaya isimwimbie mume wa fundi cherehani siku ya maziko, eti marehemu alikuwa haonekani ibadani, na mjane akaapa pale kaburini kwamba hatapita mlango mmoja na mtu yule. Wazee wa kanisa wakanituma niwapatanishe. Nami, seremala, nikatibu kwa ninachokijua: nikavunja ukuta wa kushoto wa kanisa, nikaweka mlango wa pili, mjane apite huko. Kanisa zima likanipigia makofi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliupanua nikautia bawaba. Leo kuna watu wa mlango mkubwa na watu wa mlango mdogo, watoto wao hawasalimiani, na meza moja ya Bwana wanaijia kwa foleni mbili.

Hamjui hili. Kabla sijagusa ukuta, mjomba wenu alikuja karakana analia. "Shemeji, nimekosa. Nipeleke kwa yule mama nikapige magoti." Mlango ulikuwa umeshakamilika, umesimama pale unang'aa vanishi. Nikamwambia, "Ngoja kwanza hasira zipoe." Uongo. Nilitaka kazi yangu ionekane. Hakurudi tena, na tangu apooze hana ulimi wa kuomba radhi. Naona aibu, wanangu, naona aibu kubwa.

Mkubwa, nenda leo kwa fundi cherehani, umpe maneno ya mjomba wako kama nilivyoyasema, usiyapake rangi. Akikutukana, nyamaza, ni haki yake. Siku yangu, mkishaniingiza kanisani, mdogo aupigilie misumari mlango ule, na mjomba wenu asukumwe na kiti chake hadi mlango mkubwa, amngoje yule mama hapo. Akija, watoke pamoja nyuma ya jeneza. Asipokuja... kwaya isifungue kinywa. Nizikeni kimya, kama mumewe.

Mungu awape... awape moyo wa kusema nimekosa, mapema, kabla ulimi... Awalinde. Mpendane, msi... Hapana, acha maji, mwanangu. Nenda kwanza.